Kivu: Kabla ya kukata mgomba, ujue kwanza ni ugonjwa gani

Magonjwa mawili yanamaliza migomba katika Kivu, na yote mawili yanabebwa na wadudu. Wa kwanza ni mnyauko wa bakteria, ambao wanaosema Kinyarwanda wanauita kirabiranya. Wa pili ni banchi topu, ugonjwa wa virusi unaofanya majani ya mgomba yawe mafupi, membamba na kusimama juu kama ufagio. Hakuna dawa ya kuponya mgomba ulioshikwa na mmoja wao. Lakini utafiti wa miaka iliyopita umeonyesha jambo ambalo wakulima wengi bado hawajaelezwa vizuri: njia inayookoa shamba lenye ugonjwa wa kwanza inaweza kuliangamiza lile lenye ugonjwa wa pili.

Kwa mkaaji wa Masisi, Beni, Kabare ama Kalehe, hili si jambo dogo. Ndizi ya kupika inalisha nyumba, na ndizi ya pombe inatoa kasiksi. Mkungu unaopelekwa siku ya soko unarudi nyumbani kama chumvi, sabuni, dawa ama pesa ya masomo ya watoto. Maharage yanavunwa mara moja na kuisha, lakini migomba inatoa kitu mwaka mzima. Shamba lake likikauka, familia inapoteza chakula na mfuko wa pesa kwa wakati mmoja.

Kutoka Ethiopia mpaka Masisi

Bakteria ya mnyauko ilielezwa na wanasayansi kwanza huko Ethiopia, mwaka 1968, kwenye enset, mmea ulio ndugu wa mgomba ambao watu wa kule wanakula shina na kisiki chake. Mwaka 1974 ilitangazwa kwamba imeshika pia migomba ya inchi hiyo. Kwa miaka mingi ikabaki kule.

Mwaka 2001 ugonjwa ulionekana nchini Uganda, na mwaka huohuo katika teritwari ya Masisi, Kivu ya Kaskazini. Profesa Vigheri Ndungo wa Chuo kikuu cha kikatoliki cha Graben, Butembo, pamoja na wenzake, waliandika kuhusu mlipuko huo wa Kongo mwaka 2004. Kisha ugonjwa ukavuka mipaka: Rwanda mwaka 2005, Tanzania na Kenya mwaka 2006, Burundi mwaka 2010.

Nyuki, nzi na ua dume

Ugonjwa unaingiaje katika mgomba uliokuwa mzima? Mlango mkubwa ni ua dume, lile ua jekundu linaloning'inia chini ya mkungu. Kila mara ganda la ua linapoanguka pamoja na maua yake madogo, linaacha kidonda kibichi chenye utamu. Nyuki, nyuki wadogo wasiouma na nzi wa matunda wanakuja kutafuta utamu huo. Kama walitoka kwenye mgomba mgonjwa, wanaacha bakteria ndani ya kidonda.

Ndiyo maana aina zote za ndizi hazishikwi kwa kasi ileile. Ndizi ya pombe inayoitwa Kayinja huangusha maganda ya ua dume moja baada ya lingine, kwa hiyo inatoa vidonda vingi. Aina ambazo maganda yake hayaanguki huponyoka zaidi mbele ya wadudu, ingawa hakuna ndizi inayolimwa huku ambayo panga chafu haiwezi kuiambukiza. Urefu wa milima nao una kazi yake: kadiri unavyopanda juu penye baridi, ndivyo ugonjwa unavyopungua kupita kwenye ua, kwa sababu wadudu hao ni wachache.

Kuwaua nyuki si jibu. Wanatoa asali na kusaidia mimea mingine kuzaa, tena huwezi kupulizia dawa kila ua kila siku. Jibu ni kufunga mlango. Kichane cha mwisho kikishatoka, mkulima anavunja ua dume kwa kijiti chenye panda, bila panga, kwa sababu panga lenyewe linabeba bakteria kutoka mgomba mmoja hadi mwingine. Kazi hiyo haidai hata franka moja, na kidonda kinachobaki kinakauka bila kuwaita wadudu siku kwa siku.

Utafiti uliobadilisha ushauri

Zamani wakulima waliambiwa hivi: ukiona mgomba mmoja umenyauka, ng'oa familia yote, mama, watoto na wajukuu, pamoja na kisiki chao. Kwenye karatasi ushauri ulionekana mzuri. Shambani ulikwama. Kung'oa visiki kwa jembe ni kazi ya siku nyingi, na katika vijiji vingi wanaobaki na kazi hiyo ni wanawake na wazee. Zaidi ya hayo, mkulima alilazimishwa kuharibu migomba ambayo kwa macho yake ilikuwa mizima, mingine ikiwa karibu kuzaa. Wengi walikataa, na ugonjwa ukaendelea kutembea.

Watafiti wa Bioversity International, kati yao Guy Blomme, pamoja na wenzao wa Kongo, wakauliza swali jingine: je, bakteria kweli inafika katika mashina yote ya familia moja? Walipochunguza waliona kwamba mara nyingi haifiki. Iliyoingia kwa njia ya ua inashuka polepole ndani ya shina, na watoto wengi wanabaki bila kuambukizwa, ama wanaambukizwa bila kuonyesha dalili na hata kuzaa mkungu mzuri.

Kutokana na hayo ikazaliwa njia ya kukata shina lililo gonjwa tu. Mkulima anapita shambani kila juma. Akiona shina lenye dalili, analikata usawa wa udongo na kuacha mengine yaendelee. Majaribio katika Kivu yalionyesha kwamba mahali njia hii ilifuatwa bila kuchoka, migomba yenye dalili ilishuka chini ya 2% ndani ya miezi 3. Shamba halikulala tupu, na familia iliendelea kukata mikungu wakati inapigana na ugonjwa.

Lakini njia hii ina masharti yake. Ua dume livunjwe kwa kijiti kila wakati. Panga lisafishwe kwa moto ama kwa maji ya javel kila linapotoka kwenye shina gonjwa. Majani yasikatwe ovyo, na mbuzi wasiachwe kuzunguka wakitafuna mgomba mgonjwa kisha mzima. Na mkulima asiseme kwamba ugonjwa umekwisha kwa sababu juma mbili zimepita bila dalili.

Banchi topu: hapa usiache hata mtoto mmoja

Sasa tuingie bonde la Ruzizi, ambako Kongo inapakana na Burundi na Rwanda. Huko adui anayejulikana zaidi ni banchi topu. Katika Kongo ugonjwa huo si mgeni: ulionekana kituo cha utafiti cha Yangambi tangu miaka ya 1950.

Mdudu wake ni kidukari cha mgomba, kidudu kidogo cha rangi ya kahawia nzito, ambacho hakiendi kwenye ua. Kinakaa chini ya magamba ya shina, karibu na udongo, na kwenye majani machanga ya watoto, kikinyonya maji ya mmea. Sisimizi wanakilinda kwa sababu kinatoa utamu wanaoupenda. Kidukari kikinyonya kwa saa kadhaa mgomba wenye virusi, kinabaki navyo siku zote za maisha yake, na kila mgomba mzima kinaounyonya baadaye uko hatarini.

Tofauti kubwa iko ndani ya mmea. Virusi vya banchi topu vinafika kwenye kisiki, na kutoka kule vinaingia katika kila mtoto anayechipuka. Ukikata shina moja na kuacha kisiki, umefurahisha vidukari tu: wiki chache baadaye watoto wanatoka na majani mafupi, na vidukari vinapata chakula kibichi chenye virusi. Mgomba ulioshikwa ukiwa mdogo hauzai mkungu kabisa.

Kwa hiyo hapa ushauri ni kinyume. Kwanza ua vidukari kwa dawa ya wadudu ama maji ya sabuni, kwa sababu ukianza kwa kung'oa vitahamia migomba ya karibu. Halafu ng'oa familia yote, kisiki pamoja na watoto, ukikatekate visiki ili visichipuke tena. Panga halina kosa katika ugonjwa huu, maana virusi hivi havipiti kwenye chuma. Vinapita kwa kidukari na kwa mbegu.

Kwamba inawezekana, Australia iliishaonyesha. Katika miaka ya 1920 banchi topu iliangusha karibu kilimo chote cha ndizi katika majimbo ya New South Wales na Queensland. Mtafiti C.J.P. Magee aligundua kwamba kidukari ndicho kinachoueneza. Kuanzia hapo sheria ikalazimisha kung'oa migomba migonjwa na kupanda mbegu safi tu, na kilimo cha ndizi kikafufuka. Katika inchi kadhaa za Afrika, DRC na Burundi zikiwemo, watafiti na wakulima wamejaribu njia hiyohiyo: kung'oa kabisa, kuacha shamba bila migomba kwa muda, kisha kupanda mbegu iliyochunguzwa.

Namna ya kutofautisha

Mkulima hahitaji maabara ili aanze kutofautisha. Mnyauko unaleta majani yanayogeuka manjano na kulegea kama yamechomwa na moto, ua dume linalokauka, na mkungu unaoiva kabla ya wakati, ndizi moja ikiwa ya manjano na jirani yake bado mbichi. Ukikata ndizi hiyo, ndani yake ni kahawia. Ukikata shina, baada ya dakika chache linatoa usaha wa manjano.

Banchi topu haitoi usaha wala haiozeshi ndizi ndani. Majani yanasongamana juu, ni magumu, yana kingo za manjano, na kwenye kikonyo chake kuna alama ndogondogo za kijani kizito, kama nukta na mistari. Mkulima asiyekuwa na hakika amwite agronomu wa teritwari kabla ya kuinua jembe, ama aulize kwenye kituo cha INERA Mulungu kwa wale wa Kivu ya Kusini.

Mtoto wa mgomba anayepewa zawadi

Wadudu wanaeneza magonjwa haya kutoka shamba hadi shamba. Lakini kutoka kijiji hadi kijiji, ama kuvuka mpaka, mara nyingi ni mtu ndiye anayeyabeba. Mtoto wa mgomba anayepewa shemeji kama zawadi, ama anayenunuliwa njiani bila kujua alikotoka, anaweza kuwa na virusi ama bakteria bila dalili yoyote. Vita vinaongeza hatari: shamba lililokimbiwa halina wa kulitazama, na anayerudi kwao anahitaji mbegu haraka, yoyote atakayoipata.

Ndiyo maana kazi hii haiwezi kuwa ya mtu mmoja. Nyuki na vidukari havijui mpaka wa shamba. Mkulima akivunja maua dume yake yote na jirani akaacha yake yaning'inie, kazi ya wa kwanza inapotea. Katika vijiji ambako salongo bado inafanyika, siku moja kwa juma ya kupita pamoja mashambani ingetosha kuanza: vijiti vya panda mkononi, moto wa kuchomea mapanga pembeni, na macho ya wote yakitafuta jani la kwanza lililogeuka rangi.