Ukurasa Usiotafsiriwa: Mipaka ya Kushirikishana Sanaa miongoni mwa Vijana wa Jamii za Asili

Vijana wa jamii za asili kutoka pande mbalimbali za dunia wanapokutana, aghalabu huwasiliana kwa lugha isiyo ya yeyote kati yao. Je, kushirikishana sanaa na maandishi kunadai kila kitu kitafsiriwe? Mfano wa Wasami, wanaoishi kaskazini mwa Norwei, Uswidi, Ufini na Urusi, unaonyesha kuwa sivyo.

Mwaka 1988 Nils-Aslak Valkeapää (1943–2001), mshairi, mchoraji na mwimbaji, alichapisha *Beaivi, áhčážan*, diwani iliyopata Tuzo ya Fasihi ya Baraza la Nordiki mwaka 1991. Toleo la Kisami linachanganya mashairi na picha za kale za Wasami, nyingi zikiwa zimepigwa na wageni. Tafsiri zake zilitolewa bila picha hizo. Aidha, shairi moja, ambalo maneno yake yametawanywa ukurasani mithili ya kundi la reindia, kulungu wafugwao na Wasami, liliachwa bila kutafsiriwa. Msomaji mgeni hukaribishwa barazani, lakini si kila chumba hufunguliwa.

Hata hivyo, msimamo huo una ugumu wake. Sera ya Norwei ya kuwageuza Wasami kuwa Wanorwei, iliyotekelezwa hasa shuleni, ilikatiza urithishaji wa lugha, hususan pwani. Kwa kijana Msami asiyejua Kisami, ukurasa huo umefungwa vilevile. Ni vijana wa pwani hiyo walioanzisha tamasha la Riddu Riđđu huko Manndalen mwaka 1991, ambalo leo lina kambi ya vijana wa jamii za asili wa mataifa mbalimbali. Uimbaji wa jadi wa Wasami, joik, mara nyingi huwa na maneno machache au hauna kabisa. Aliyenyimwa lugha aweza kuanzia hapo.

Hivyo basi, kisichotafsiriwa hutekeleza majukumu mawili: humwekea mgeni mpaka na humpa mrithi sababu ya kujifunza. Suala hili linawahusu pia wanazuoni wa Kiswahili. Kwa kijana Mhadzabe nchini Tanzania, Kiswahili ndicho lugha kubwa ya shule, na othografia yake haina herufi za vidoko vya Kihadza. Kumwalika aandike kwa Kiswahili ni kumpatia hadhira pana. Kumtaka aandike kwa Kiswahili pekee ni kuifuata njia iliyopitwa na Norwei.