Jinsi mvua ya asidi inavyodhuru majani ya miti inayokua haraka

MKULIMA wa Kiirua, katika Kaunti ya Meru, anayepanda mikaratusi huwa na hesabu yake kichwani: kwanza kuni, kisha fito, na mwishowe nguzo. Mgrivea, au mukima kama unavyoitwa na wengi kandokando ya Mlima Kenya, humpa kuni na mbao huku akiendelea kulima maharagwe chini yake. Hesabu hiyo yote hutegemea jani. Majani yanapogeuka manjano na kupukutika kabla ya wakati, ni rahisi kuilaumu mvua, hasa kwa mtu aliyewahi kusikia habari za mvua ya asidi. Lawama hiyo yafaa ipimwe kabla ya shoka kuchukuliwa.

Mvua yoyote ile ina asidi kidogo, kwa kuwa matone huyeyusha gesi ya kaboni dayoksaidi iliyomo hewani. Mvua safi hufikia takriban 5.6 katika kipimo cha pH, ambapo 7 ni maji yasiyo na asidi wala magadi. Kila nambari moja inaposhuka, ukali huongezeka mara 10. Kwa hivyo mvua ya 3.6 ni kali mara 100 kuliko ile ya kawaida. Ukali huo hutokana na gesi za salfa dayoksaidi na oksaidi za naitrojeni, zinazotoka kwenye makaa ya mawe, viwanda vya kuyeyusha madini, injini za magari na milima ya volkano. Mwanakemia Robert Angus Smith, aliyechunguza mvua ya Manchester na miji mingine ya viwanda nchini Uingereza, alilitumia jina la mvua ya asidi mwaka wa 1872.

Jani lina ngozi ya nta inayozuia maji kupotea ovyo. Asidi huimomonyoa nta hiyo, kisha maji ya mvua huchopoa madini ya kalisi, potasiamu na magnesi kutoka ndani ya jani. Hasara ya magnesi ni kubwa kwa sababu ndiyo kiini cha klorofili, ile rangi ya kijani inayonasa mwanga wa jua ili mti ujitengenezee chakula. Asidi inapoingia ndani ya seli, huing’oa magnesi na kuchukua nafasi yake; klorofili hiyo haifanyi kazi tena na jani hufifia.

Halafu kuna stomata, vitundu vidogo mno ambavyo jani hupumulia. Hufunguka na kufungika kwa seli mbili zilizo kando ya kila kitundu. Seli hizo zikiungua, mlango hubaki wazi na mti hupoteza maji hata wakati wa jua kali. Katika eneo lenye ukavu kama Kiirua, mti wa namna hiyo ungeteseka maradufu.

Miti inayokua haraka ina udhaifu wake. Hukua upesi kwa kuwa majani yake hupitisha hewa nyingi, na hewa chafu hupitia mlango uo huo. Isitoshe, huwa na majani machanga mengi ambayo nta yake haijakomaa. Lakini pia huotesha majani mapya upesi. Majaribio ya kunyunyizia miche maji ya asidi yameonyesha kwamba asidi hafifu huweza hata kuichangamsha kwa muda, kwani naitrojeni na salfa ni mbolea. Madoa ya kuungua huonekana hasa pH inaposhuka hadi karibu 3.

Katika ukanda wetu, mahali ambapo jambo hili si nadharia ni Goma, mashariki mwa Kongo. Mlima Nyiragongo, uliolipuka Januari 2002 na tena Mei 2021, pamoja na jirani yake Nyamulagira, umekuwa ukitoa gesi nyingi ya salfa hata pasipo mlipuko. Upepo huisukuma zaidi upande wa magharibi, na huko mvua imewahi kuunguza mazao mashambani.

Kiirua haina volkano hai, wala Kenya haina mtambo mkubwa wa umeme wa makaa ya mawe. Leseni ya mradi wa namna hiyo uliopangwa Lamu ilifutwa mwaka wa 2019. Kwa maoni yangu, mkulima wa huko aanze kwa kuchunguza mambo yaliyo karibu naye.

Mvua ya asidi haichagui. Ingeacha madoa juu ya majani na kwenye ncha, panaponing’inia tone la mwisho, katika miti, sukumawiki na magugu kwa wakati mmoja. Uvimbe kwenye mshipa wa kati na kikonyo cha jani changa la mkaratusi ni dalili ya kijidudu kiitwacho Leptocybe invasa, kilichogunduliwa magharibi mwa Kenya mwaka wa 2002. Majani ya zamani yakikauka kuanzia kingoni, huenda ni kiu. Na ikiwa ni asidi, mara nyingi imo udongoni, ikiongezwa na mbolea ya DAP inayotumiwa msimu baada ya msimu. Hapo mkaratusi, unaostahimili udongo wa asidi, utanyamaza; maharagwe yaliyo chini ya mukima ndiyo yatakayodhoofika kwanza, na vipimo vya udongo vitaonyesha iwapo shamba linahitaji chokaa.