Usikaushe tindiga kabla hujapima aseniki

Vijana wenzangu mnaolima bustani mabondeni karibu na machimbo ya dhahabu, hili linawahusu. Miamba yenye dhahabu mara nyingi ina aseniki pia, sumu isiyobadili rangi wala ladha ya maji.

Huko Gola di Lago, Uswisi, kuna tindiga linalopokea maji yenye aseniki kutoka ardhini. Mwaka 2012 watafiti walichapisha walichokikuta: chini, kwenye mboji iliyojaa maji pasipo hewa, aseniki imeshikwa na salfa iliyomo kwenye mabaki ya mimea. Kila chembe moja imebanwa na chembe tatu za salfa. Si mchezo!

Sasa wewe ukichimba mifereji ukalikausha tindiga la namna hiyo, hewa inaingia, vifungo vinaweza kukatika, na sumu ikarudi kwenye maji unayomwagilia mchicha.

Na msidhani samadi ndiyo dawa. Kwenye jaruba la mpunga lililojaa maji, samadi inaweza kuchochea vijidudu vinavyoyeyusha kutu ya chuma iliyoshika aseniki, mpunga ukainyonya. Kabla ya kushika jembe, peleka udongo na maji maabara, na uwaambie wazi wapime aseniki.