Kenya: Ada hulipwa saiba, adhabu humwangukia mwenye PIN

Kila ifikapo wiki ya mwisho ya mwezi Juni, foleni hurefuka katika maduka ya huduma za intaneti nchini Kenya, maarufu kwa jina la saiba. Walio katika foleni hizo huwahi tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani, yaani taarifa ya mapato ya mwaka uliotangulia, kwa Mamlaka ya Mapato ya Kenya, KRA. Wengi hulipa ada ndogo, hukabidhi namba ya kitambulisho na neno la siri, kisha huondoka wakiamini kwamba jambo limekwisha. Baadhi yao hugundua baadaye, tena kwa gharama, kwamba halikwisha.

Chanzo cha mashaka hayo ni mfumo wa kujikadiria kodi. Kila mtu mwenye namba ya mlipa kodi, PIN, iliyosajiliwa kwa kodi ya mapato, hutakiwa kutoa taarifa yake mwenyewe kupitia mtandao wa KRA uitwao iTax. Wajibu huo humhusu hata mtu ambaye hakupata senti kwa mwaka mzima. Huyo huwasilisha ritani ya sufuri. Na kwa kuwa PIN huhitajika kufungua akaunti ya benki, kusajili gari au kununua ardhi, watu wengi wanayo hata kama hawana mazoea na kompyuta wala lugha ya fomu za kodi. Hapo ndipo mhudumu wa saiba anapopata wateja.

Kosa la sufuri

Lalamiko moja hujirudia. Tuchukue mfano wa mlinzi wa usiku aliyeajiriwa. Mwajiri wake hukata kodi ya mshahara kila mwezi na kuipeleka KRA, na mwaka ukiisha humpa fomu iitwayo P9, inayoonyesha mapato yake na kodi iliyokatwa. Mlinzi huyo anafika saiba jioni ya tarehe 29 Juni bila fomu hiyo. Mhudumu, akiwa na watu 20 wanaosubiri, anachagua njia fupi: anamjazia ritani ya sufuri. Risiti inatoka, mteja anashukuru na kwenda zake.

Lakini kumbukumbu za KRA sasa zina maneno mawili yanayopingana. Mwajiri anasema mtu huyu alilipwa mshahara. Mtu mwenyewe, kupitia kwa mhudumu, anasema hakupata kitu. Ritani ya sufuri si ya mwenye kipato kidogo. Ni ya asiye na kipato kabisa. Hata mfanyakazi ambaye mshahara wake hauzidi shilingi 24,000 kwa mwezi, na ambaye baada ya nafuu ya kodi ya shilingi 2,400 habaki na deni, hupaswa kuutaja mshahara huo.

Ufunguo ulio mikononi mwa mwingine

Lalamiko la pili linahusu barua pepe. Mteja asiye na anwani ya barua pepe husajiliwa kwa anwani ya mhudumu. Tangu siku hiyo, risiti, ilani za madeni na neno jipya la siri vyote hutumwa kwa mtu mwingine. Mhudumu akihama au duka likifungwa, mwenye PIN hawezi kuingia katika akaunti yake mwenyewe. Humbidi kwenda kuthibitisha utambulisho wake ili anwani ibadilishwe, huku siku za mwisho zikimpita.

Mteja anaporudi kulalamika, aghalabu huambiwa kwamba alilipia kujaziwa tu. Jibu hilo linauma, lakini ndivyo sheria inavyolitazama jambo hilo. Aliyechelewa hutozwa shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi anayodaiwa, kwa kutegemea kipi ni kikubwa zaidi, na kodi isiyolipwa huongezewa riba ya asilimia 1 kila mwezi. Mzigo huo huandikwa kwa jina la mwenye PIN, wala si la aliyebonyeza vitufe. Ada aliyolipa imenunua kazi ya mikono, haikuhamisha wajibu.

Njia za kujinusuru

Kosa la ritani hurekebishika. Sheria inamruhusu mlipa kodi kuomba kuibadilisha ritani yake ndani ya miaka 5, na asiyekubaliana na uamuzi wa makadirio ya kodi ana siku 30 za kuwasilisha pingamizi. Aidha, KRA haitozi ada kwa kupokea ritani, na maafisa wake huwasaidia wananchi katika ofisi zake na katika vituo vya Huduma. Anayetaka kumlipa mtaalamu anaweza kumtafuta wakala wa kodi aliyesajiliwa.

Anayelazimika kwenda saiba anashauriwa kubeba fomu ya P9, kutumia barua pepe na namba ya simu yake mwenyewe, kuisoma ritani kabla haijatumwa, kuhifadhi risiti, na kubadilisha neno la siri mara tu baada ya kutoka.

Jambo hili linawagusa pia raia wa nchi jirani wanaofanya kazi au biashara nchini Kenya. Mgeni aliyekaa humo siku 183 au zaidi katika mwaka mmoja huhesabiwa kuwa mkazi kwa madhumuni ya kodi, na akiwa na PIN hufungwa na tarehe ile ile ya 30 Juni. Anayerejea nyumbani akiiacha PIN hiyo ikiwa hai, bila kuwasilisha ritani wala kuomba ifutwe, huendelea kulimbikiza adhabu za kila mwaka katika nchi asiyoishi tena.