Tisa, namba inayofichua kosa la daftari

Jioni ikiingia mpakani, kila mwenye biashara ana kazi moja: kulinganisha fedha zilizo sandukuni na daftari. Zikilingana, analala. Zisipolingana, ugomvi unaanza, na mara nyingi wa kwanza kushukiwa ni kijana aliyeachiwa meza.

Kabla ya kumwita mtu mwizi, ijaribu kwanza namba 9.

Chukua mfano huu. Daftari linaonyesha mauzo matatu: mchele faranga 7,200, maharage 5,400 na mafuta 3,500. Jumla ni 16,100, lakini sandukuni mna 11,600 tu. Zimepungua 4,500. Jumlisha tarakimu za upungufu huo: 4 na 5 ni 9. Jumla hiyo ikiwa 9, 18 au 27, namba yako inagawanyika kwa 9 bila baki, na huenda mwandishi amegeuza tarakimu mbili zilizo jirani.

Sasa gawanya 4,500 kwa 9. Unapata 500, yaani 5 katika nafasi ya mamia. Tafuta mauzo ambayo tarakimu zake za maelfu na mamia zinapishana kwa 5. Katika 5,400 zinapishana kwa 1, katika 3,500 kwa 2, lakini katika 7,200 ni 5 kamili. Ukirudi kwenye stakabadhi ya mchele unakuta 2,700. Hakuna aliyeiba.

Kwa nini iwe tisa?

Namba 7 ilipohama kutoka mamia kwenda maelfu, 700 iligeuka 7,000. Ongezeko ni 6,300, yaani 700 mara 9. Namba 2 iliposhuka, 2,000 iligeuka 200. Upungufu ni 1,800, yaani 200 mara 9. Ukitoa, zinabaki 4,500.

Shuleni tulifundishwa kwamba 9 ni namba witiri, tena si namba tasa, kwani 3 mara 3 ni 9. Sifa hizo inazo popote. Lakini uwezo wa kufichua kosa inaupata kwa kuwa tunahesabu kwa makumi, nayo ni pungufu ya 10 kwa moja. Kama tungeandika namba kwa mafungu ya dazeni, kazi hiyo ingefanywa na 11.

Wafanyabiashara wa zamani walilijua jambo hili. Leonardo wa Pisa, ambaye baba yake alihudumia wafanyabiashara wa Pisa huko Bugia, leo Béjaïa nchini Algeria, alifundisha kuhakiki hesabu kwa 9 katika kitabu chake cha mwaka 1202.

Hata hivyo, tisa si hakimu. Sifuri ikisahaulika, 4,500 ikaandikwa 450, tofauti ya 4,050 nayo inagawanyika kwa 9. Fedha zilizoibwa kweli zinaweza pia kugawanyika hivyo kwa bahati tu. Tisa inakuonyesha pa kuanzia kutafuta. Stakabadhi ndiyo shahidi.

Miongoni mwa waliorejea nyumbani, wapo waliosoma hesabu kwa Kiswahili, wengine kwa Kifaransa au Kiingereza. Tarakimu ni zile zile, iwe ni shilingi, faranga au dola. Dakika tano za kugawanya kwa tisa zinaweza kumwokoa kijana wa watu na jina baya.