ALIYEPOTEWA NA MANENO HAKUPOTEWA NA AKILI

Mara nyingi twasikia watu wakisema juu ya mzee aliyepatwa na kiharusi: "Huyu sasa amerudi utotoni." Husema hivyo mbele yake, naye anasikia. Akitaka maji hutaja kisu. Akitaka kumwita mkewe hutaja jina la bintiye. Mwisho hunyamaza, na nyumba nzima huamini kwamba akili zimekwisha. Neno hilo twalipinga.

Mwaka 1861, huko Paris, tabibu Paul Broca alimpokea mgonjwa aliyekuwa amekaa hospitalini zaidi ya miaka 20 akiweza kutamka sauti moja tu, "tan", ingawa alielewa mengi aliyoambiwa. Alipofariki, Broca aliuchunguza ubongo wake akaona umeharibika upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Kwa watu walio wengi upande huo wa kushoto ndio utunzao lugha; na kwa kuwa ndio uongozao mkono na mguu wa kulia, mara nyingi aliyepooza kuliani hupotewa na maneno pia.

Matabibu huuita ugonjwa huu afasia. Wako wanaofahamu vema ila maneno hayatoki. Wako wasemao kwa wepesi maneno yasiyo na maana, na hao hata kufahamu huwa taabu. La ajabu ni kwamba asiyeweza kusema "maji" aweza kuimba wimbo wa zamani, au kusoma dua aliyoizoea tangu utoto. Jamaa wakimsikia humdhania kuwa anajifanya. Hajifanyi hata kidogo.

Linalotuudhi zaidi ni habari ya mali. Ndugu hukaa kikao cha shamba na nyumba, na mwenye mali yu kitandani chumba cha pili, wala hakuna amwulizaye. Kwani haulizwi? Aulizwe jambo moja moja, taratibu, redio ikiwa imezimwa, aonyeshwe kitu chenyewe, asikatizwe, aachiwe kujibu kwa kichwa au kwa kidole. Na kwa kuwa "ndiyo" na "hapana" huweza kumchanganya, swali lirudiwe kwa njia nyingine kabla ya kulishika jibu lake. Kumpigia kelele hakufai kitu, maana kilichoumia si masikio.

Wataalamu wa kutibu usemi ni wachache mno katika nchi zetu. Basi kazi kubwa imo mikononi mwa mke, watoto na majirani, nao wasingoje, kwani miezi ya kwanza ndiyo iletayo nafuu kubwa.