Matumbo ya Samaki Yasiwe Karamu ya Nzi

Samaki ni chakula kinachojenga mwili. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto wapatao 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 hapa Tanzania wamedumaa. Kwa hiyo sisi wauguzi tunafurahi tuonapo familia za Kibondo na Kasulu zikichimba mabwawa mabondeni na kufuga perege. Ufugaji huu si mgeni nchini. Majaribio yake yalianza mwaka 1949 huko Korogwe na Malya.

Lakini siku ya kuvua lipo jambo lisilozungumzwa sana. Samaki hupasuliwa pale pale ukingoni. Matumbo, matamvua na magamba hutupwa majanini au kijitoni, na samaki waliojifia bwawani hutupwa huko huko. Kisha watu hurudi nyumbani na kitoweo chao. Je, uchafu ule unakwenda wapi?

Hatari iko wapi?

Kwetu bonde ni moja, na kazi zake ni nyingi. Hapa kuna bwawa, pale bustani ya mboga, na chini kidogo akina mama wanachota maji. Kinachotupwa juu hufika kwenye ndoo ya jirani aliye chini, hasa mvua inaponyesha.

Halafu kuna nzi. Nzi hutaga mayai kwenye matumbo ya samaki, na kwa muda mfupi funza hujaa. Nzi haohao hutua chooni, kisha wakatua kwenye uji wa mtoto. Hivyo ndivyo kuhara kunavyoingia nyumbani, na mtoto anayehara mara kwa mara hanufaiki na chakula anachokula, hata kama ni samaki. Tunampa kwa mkono mmoja na kumnyang'anya kwa mwingine.

Uchafu uwe mboji

Uchafu wa samaki una rutuba nyingi. Ukichanganywa na majani makavu, huoza vizuri na kuwa mboji ya kustawisha mboga, migomba na maharage. Fanyeni hivi:

1. Chagueni mahali pa juu pasipotuama maji, mbali na kisima, chemchemi na kijito. Umbali usipungue hatua 50.

2. Kusanyeni mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, nyasi kavu, majani makavu ya migomba au maranda ya mbao. Tandikeni chini tabaka nene la shibiri moja.

3. Kwa kila ndoo moja ya uchafu wa samaki, tumieni ndoo tatu za vitu vikavu. Changanyeni, kisha funikeni juu na pembeni kwa shibiri nyingine ya vitu vikavu, ili harufu isitoke na nzi wasipate pa kutua.

4. Lundo liwe na upana na kimo cha mita moja au zaidi. Likiwa dogo halipati joto. Lizungushieni miiba ili mbwa wasilifukue.

5. Chomekeni kijiti kirefu katikati. Baada ya siku chache kichomoeni na kukigusa. Kikiwa cha moto na unyevu, kazi inaendelea. Kikiwa kikavu, nyunyizeni maji. Kikinuka vibaya, ongezeni majani makavu.

6. Baada ya wiki 3 geuzeni lundo, ya nje yaingie ndani. Rudieni tena baada ya wiki nyingine 3. Joto la nyuzi 55 likidumu kwa siku kadhaa huua vijidudu na mayai ya minyoo, lakini pembeni mwa lundo hakuna joto hilo. Ndiyo maana kugeuza ni lazima.

Kwa kawaida mboji huwa tayari baada ya miezi 3 au 4. Inakuwa nyeusi, inanukia udongo, na samaki haonekani tena. Mboji ambayo haijaiva isiwekwe kwenye mboga zinazoliwa mbichi.

Na tope la bwawa?

Bwawa linapokaushwa, chini hubaki tope jeusi lenye kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula. Msilisukume kijitoni. Litoeni, likauke, kisha lichanganyeni kwenye lundo au litandazeni kwenye migomba. Anayeingia kulitoa avae buti ndefu za mpira, kwa sababu konokono wanaoeneza kichocho hupenda maji yaliyotulia yenye majani. Fyekeni kingo za bwawa mara kwa mara.

Tahadhari kwa wafanyakazi

Mwiba wa perege ukikuchoma, osha jeraha kwa sabuni na maji safi, kisha nenda zahanati ukaulize kuhusu chanjo ya pepopunda. Ugonjwa huo hukaa udongoni na kwenye samadi, nao huua. Kila aliyeshika uchafu anawe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kushika chakula au mtoto. Samaki aliyekutwa amekufa bwawani asiliwe. Aende kwenye lundo.

Basi, akina baba na akina mama, kabla ya kushusha wavu pangeni mambo mawili: nani ataleta majani makavu, na nani atabeba ndoo ya matumbo. Mkishakubaliana hayo, vueni samaki wenu kwa amani.